Mayai Yaliyoelekea Kaskazini

Mke wangu ana vidole vya bluu. Si ugonjwa, wala si wino uliomwagika, kama mteja wangu mmoja alivyothubutu kuuliza huku nimeshika wembe karibu na koo lake. Ni rangi ya kazi. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiyapaka rangi mayai ya mwani ili wasomi wayaone kwa hadubini, na rangi hiyo haitoki kwa sabuni, haitoki kwa ndimu, haitoki kwa maombi. Kazini wanamwita Mama Rangi. Nyumbani namwita jina lingine, ambalo halimhusu mtu.

Najua unachotaka kuuliza, maana na mimi niliuliza tulipokuwa wachumba: mwani una mayai? Una. Wakati huo yeye alikuwa mwosha vyombo pale maabara. Alikuwa anaosha vioo na chupa, anavipanga kwenye kitambaa cheupe, anarudi nyumbani mikono imesinyaa kwa maji. Lakini macho yake hayakuwa kwenye beseni. Alikuwa akimtazama fundi wa zamani, mzee mmoja mchoyo wa maneno, anavyoyagandisha mayai kwa dawa, anavyoyatia rangi, anavyoyasuuza, kisha anayapitisha kwenye spiriti nyepesi, nzito kidogo, nzito zaidi. Siku mzee yule alipostaafu ghafla, wasomi watatu wenye vyeti walijaribu kazi yake na wakatoa vioo vilivyojaa madoa. Mke wangu akaomba ajaribu. Tangu hapo beseni likapata mtu mwingine.

Hatumii saa. Anahesabu moyoni, na mtu akimsemesha katikati ya hesabu anainua kidole kimoja cha bluu bila kugeuka. Hata nyumbani, maziwa yakiwa jikoni, kidole kinapanda na mimi nafunga mdomo. Nimeshafungwa mdomo na kidole kile mara nyingi kuliko alivyowahi kunifunga mwalimu yeyote.

Siku moja alinipeleka nikaone. Kinyozi mimi, nimezoea kutazama vichwa, nikainamia ile hadubini nikaona viduara, viduara, viduara. Yai la mwani likiwa limetoka tu halina mbele wala nyuma. Likishapata mbegu ya kiume linakaa karibu nusu siku likijishauri upande upi utatoa mzizi wa kushika jiwe, na upande upi utatoa jani. Kwa nje huoni kitu. Lakini kuna rangi ya bluu ambayo ikikuta ute fulani, ule unaojikusanya pale mzizi utakapotokea, inageuka zambarau. Kwa hiyo unaona kiduara cha bluu chenye kofia ya zambarau upande mmoja, na unajua yai limeshakata shauri kabla halijavimba hata kidogo. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma. Nilimwonea fahari mke wangu, na nilimwambia hivyo hivyo, mbele za watu.

Sasa, wasomi wote wanajua kwamba yai lile linafuata mwanga. Mzizi unatokea upande wa kivuli. Profesa wa pale, mtu mrefu anayetembea mikono nyuma kama anakagua gwaride, akataka kujua linafanya nini gizani. Akampa mke wangu karatasi yenye maneno machache kwa mwandiko wake: "Yatunzwe kabatini, gizani. Yasikauke." Mke wangu akaibandika ndani ya mlango wa kabati la mbao lililosimama mgongo wake ukiwa kwenye ukuta wa kaskazini. Akapanda mayai juu ya vioo, kila kioo amekichora mshale kwa penseli kuonyesha kaskazini ni wapi, akavipanga kwenye visahani vyenye maji kidogo ya bahari.

Mayai yakatoka na kofia zao upande wa kaskazini. Si kumi, si mia. Msimu baada ya msimu, maelfu. Profesa alikuwa haamini macho yake. Akasema yai linasikia mvuto wa sumaku ya dunia kama sindano ya dira, mwanga ukikosekana. Akaandika, akaalikwa huku na huku, akaandika kitabu, na picha iliyo juu ya kitabu hicho ni mayai aliyoyapaka rangi mke wangu. Ndani, ukurasa wa mwisho, kuna shukrani kwa "fundi wetu hodari". Jina hakuna. Nilipolalamika, mke wangu aliniambia niache gubu.

Miaka kumi na tisa ikapita hivyo.

Kisha akaja Binti. Si binti yetu wa kuzaa, wa kuzaa ni wavulana wawili na wote wako mbali. Huyu alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye, na nywele alizotaka zikatwe fupi kabisa. Nilikuwa namnyoa mwenyewe kila Jumapili kabla ya chakula, kwa sababu alikuwa anakula kwetu. Mimi ananiita baba, mke wangu anamwita mama, na mama huyo alimfundisha rangi zote, hata zile alizokuwa anawaficha wengine. Siku Binti alipotoa kioo cha kwanza kisicho na doa, mke wangu alirudi nyumbani akiimba.

Profesa alimpa kazi iliyoonekana rahisi: arudie ile ya gizani kwa vyombo vipya, aisogeze mbele kidogo, aandike tasnifu. Binti akapewa stoo moja isiyo na dirisha. Akatengeneza boksi la chuma lisilopitisha mwanga hata wa kuibia, akaweka visahani vyake ndani, akaziba. Alipofungua, mayai yake yalikuwa na kofia kila upande. Kaskazini, kusini, kwenye kona, ovyo tu. Akarudia. Yale yale. Akarudia mara ya tatu, na vioo vya mara zote tatu vilipakwa rangi na mke wangu kwa mkono wake.

Profesa mwanzo alisema Binti ni mzembe. Baadaye, Binti alipokataa kuyatupa matokeo yake na kuyaandika kama yalivyo, neno likabadilika. Ikasemwa kwamba alivitikisa visahani mayai yakiwa hayajashika kioo, akaficha kosa, akaligeuza kuwa ugunduzi. Huo unaitwa udanganyifu, na pale chuoni udanganyifu unapelekwa kwenye kamati, na kamati ikikukuta na hatia unaondolewa masomoni na hakuna chuo kingine kitakachokupokea. Miaka minne ya Binti ilikuwa inaning'inia kwenye viduara vile.

Wiki mbili kabla ya kamati, mke wangu aliingia kwenye ile stoo kumsaidia kusafisha. Akalitazama lile boksi. Akauliza, kwa sababu ni swali la kazi tu, "Na maji je? Nani anaongeza maji?"

"Hakuna anayeongeza, mama," Binti akamjibu. "Nimezungushia pamba iliyolowa. Nikiziba, nimeziba. Sifungui mpaka mwisho."

Mke wangu alimaliza kufuta meza, akaaga, akaja nyumbani moja kwa moja. Nilimkuta sebuleni, kakaa na viatu vyake na mkoba begani.

"Mimi nilikuwa nafungua," akaniambia.

"Unafungua nini?"

"Kabati. Kila saa. Visahani vinakauka, bwana. Imeandikwa yasikauke. Nafungua mlango, naongeza maji kwa dropa, kisahani kimoja kimoja, visahani arobaini. Dakika tano, sita. Taa zote za darini zinawaka, dirisha liko nyuma yangu."

Mimi sikuelewa haraka. Nikamwambia dakika tano si kitu. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Mwanga unaingia kwa mlangoni. Mlango uko kusini. Kivuli kiko wapi?"

Hata mimi, kinyozi, nikaliona. Kivuli kilikuwa kwenye mgongo wa kabati. Mgongo wa kabati ulikuwa kaskazini. Hakuna dira wala sumaku ya dunia. Mayai yalikuwa yanamkimbia mke wangu na taa zake, na ile karatasi ya Profesa ilikuwa inamtazama usoni kila alipofungua mlango, sentensi ya kwanza ikimwambia atunze gizani na ya pili ikimwambia amwagilie. Yeye alidhani giza maana yake ni kuwa kabatini. Mtu aliyelala chumbani akifunguliwa mlango kidogo si bado amelala? Ndivyo alivyofikiri, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo nilipotoa ushauri wangu. Natamani ulimi ungenikauka. Nilimwambia, "Usimwambie Binti kwanza. Mwambie Profesa. Mkubwa akisikia kwa mtu wa nje atakasirika, akisikia kwako atalimaliza kimya kimya." Ulikuwa ushauri wa kinyozi. Mimi nikikosea kichwa cha mtu, baada ya wiki mbili nywele zimeota, tunacheka. Nilidhani kila kazi iko hivyo.

Akalala nalo siku mbili, akaenda. Profesa alimkaribisha kiti, jambo ambalo hulifanya mara chache. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, si kwa dharau, anasema mke wangu, bali kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Mama Rangi, umechoka. Dakika chache za mlango wazi haziwezi kugeuza maelfu ya mayai. Unampenda yule msichana, najua. Lakini usijibebeshe mzigo wake."

"Profesa, tujaribu tu. Nitafungua hivi na hivi, na vingine nisifungue."

"Msimu umekwisha," akasema Profesa, akasimama, na mazungumzo yakawa yamekwisha pia.

Kamati ilikaa Jumanne asubuhi kwenye chumba chenye meza ndefu na mapazia mazito. Mke wangu aliitwa kwa sababu vioo ni vyake. Alisimama kando ya hadubini na trei yake, akiweka kioo, akitoa kioo, wazee watano wakipita mmoja mmoja kuchungulia. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha peke yake. Alipoulizwa, alisema aliyofanya, pole pole, hakulia. Profesa naye akasema ya kwake. Kisha mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamgeukia mke wangu.

"Mama, swali moja tu. Katika majaribio ya Profesa, visahani vilikaa kabatini muda wote? Havikutolewa?"

Ni kweli havikutolewa. Havikutolewa hata mara moja.

"Ndiyo," akasema mke wangu. "Lakini mlango..."

"Asante, mama. Swali lilikuwa hilo."

"Mlango nilikuwa..."

"Asante sana. Unaweza kutupisha."

Akainua trei yake akatoka. Ameniambia habari hii mara nyingi, na kila mara anaishia hapo hapo, kwenye kuinua trei. Alikuwa anaogopa vioo visidondoke, anasema. Nilimwuliza kwa nini hakupiga kelele. Swali la kipumbavu. Mtu aliyeingia jengo lile kwa kuosha vyombo, akapandishwa na watu wale wale waliokaa mezani, anapiga kelele kwa koo lipi?

Binti alipotoka, mke wangu alimvuta kwenye ngazi akamwambia yote. Binti akakaa kwenye kipandio. Hakumlaumu. Aliuliza tu, "Kabati bado lipo?"

"Lipo."

"Basi turudie, mama. Wamenipa siku thelathini nilete ushahidi."

Wangesema siku thelathini za mwezi gani, kungekuwa na maana. Mwani ule huzaa miezi michache ya baridi tu. Ncha zake zinavimba, zinajaa mayai, zinayamwaga, basi, mpaka mwaka unaofuata. Na ncha zilikuwa zimeshasinyaa. Hata hivyo walishuka kwenye mawe ya ufukweni kila maji yalipokupwa, wakachagua ncha zilizobaki na uvimbe wowote, wakazileta, wakazipangusa moja moja, wakazifunga kwenye karatasi yenye unyevu, wakazilaza kwenye friji usiku, asubuhi wakazitia kwenye maji ya bahari chini ya taa. Ndivyo zinavyoshtuliwa zitoe mayai. Mara tano walifanya hivyo. Mara ya tano nilikuwepo, nilifunga duka nikawapelekea chai. Tulikaa watatu tukiitazama karai ile nyeupe. Kama mayai yakitoka, maji hufanya wingu la kahawia pembeni ya ncha. Tulikaa saa tatu. Kilichotoka ni ute mtupu.

Binti akaingiza mkono akaanza kuikamua ncha moja kwa vidole.

"Usikamue, mwanangu," mke wangu akamwambia. "Hayatoki kwa nguvu."

Binti akaendelea kukamua mpaka ncha ikapasuka, akaufuta mkono wake kwenye koti jeupe. Mimi nikatoka nje. Sikuwa na kazi mle ndani, na kuona watu wangu wawili wamekwama hivyo, wakati mimi kazi yangu ni kushika mkasi tu, kuliniuma mno.

Mke wangu aliiandikia kamati barua pia. Mimi ndiye niliyeinakili vizuri, maana mwandiko wake ni wa lebo za chupa. Wakajibu wakitaka kumbukumbu: daftari la kazi linaonyesha mlango ulifunguliwa saa ngapi? Alikuwa na madaftari kumi na tisa, moja kwa kila msimu. Yanaonyesha rangi gani, dakika ngapi, spiriti ya nguvu gani. Kuongeza maji hakukuandikwa popote. Nani anaandika kwamba amefunika sufuria? Kamati ikasema haina cha kufanyia kazi.

Siku ya thelathini na moja jina la Binti liliondolewa. Alikuja kutuaga na begi moja. Nilitaka kumnyoa, akasema ataziacha ziote. Alimkumbatia mke wangu kwa muda mrefu, na hakucheka.

Miezi ikapita. Mke wangu alienda kazini kama kawaida, akapaka rangi kama kawaida, ila nyumbani alikuwa hasemi. Nikimtania, ananijibu "eeh". Alikuwa anahesabu, lakini safari hii alikuwa anahesabu miezi.

Ncha zilipovimba tena, aliomba likizo ya siku tatu na akazitumia zote mle mle maabara, wenzake wakidhani anafanya usafi. Aliniita. Kulikuwa na kazi ya mwanamume, alisema, na kwa kuwa mwanamume hakuna basi nije mimi. Ilikuwa mara ya kwanza anitanie tangu mwaka uliopita, nikafurahi kama mjinga. Tukalisukuma kabati. Limejengwa kwa mbao za zamani, zito ajabu, mgongo wangu haujapona mpaka leo. Tukaligeuza mgongo ukawa kusini na mlango ukatazama kaskazini. Visahani ishirini akaviweka kwenye rafu, akawa anafungua mlango kila saa na kuongeza maji, mimi nikishika saa. Ishirini vingine akavifungia kwenye boksi la Binti pamoja na pamba, chini kabisa, visiguswe.

Akagandisha, akapaka rangi, akasuuza. Kidole kikapanda, nikanyamaza. Kisha akaweka kioo cha kwanza, akatazama, akanipisha. Kofia zote za zambarau zilikuwa upande wa kusini. Kwenye vioo vya boksi zilikuwa kila upande, ovyo, kama za Binti.

Sikumbuki kama niliwahi kufurahi hivyo. Nilimwinua juu, yeye na ile trei. Akanipiga bega nimshushe, akilia.

Profesa aliviangalia vioo vyote arobaini. Hakuruka hata kimoja. Mke wangu alikuwa amesimama, na safari hii hakukaribishwa kiti. Mwisho akavua miwani akaifuta.

"Nani mwingine ameviona?"

"Mume wangu."

"Yule kinyozi."

"Ndiyo, Profesa."

"Niachie hapa," akasema. "Rangi imeshika vizuri sana."

Akaviacha. Narudia: akaviacha. Nilipomgombeza aliniambia, "Ni vioo vya maabara, bwana. Ningevipeleka wapi, dukani kwako?" Ikapita wiki, ukapita mwezi. Alipouliza, aliambiwa jambo linatazamwa. Akarudia jaribio akatengeneza vioo vingine, akavipeleka kwa karani wa kamati. Karani alikuwa mtu mzuri, alimpa maji ya kunywa. Akamweleza kwamba faili la mwanafunzi aliyekwisha kuondolewa haliwezi kufunguliwa na fundi, wala na profesa, wala na yeyote isipokuwa mwanafunzi mwenyewe akiandika ombi. Ombi la ukurasa mmoja. Akamwandikia mke wangu kwenye karatasi jinsi linavyotakiwa kuanza.

Kwa hiyo kila kitu kilibaki kwa Binti, na Binti alikuwa hapokei simu. Tulimtafuta siku tisa. Siku ya kumi, jioni, baada ya chakula, akapokea. Mke wangu akaiweka simu mezani kwa spika ili na mimi nisikie, kwa kuwa nilikuwa nimemng'ang'ania begani.

Akamweleza. Kabati, mlango, kusini, boksi, ishirini na ishirini. Alisema haraka haraka, akirukaruka, mtu aliyengoja mwaka mzima. "Ulikuwa sahihi, mwanangu. Yako ndiyo yalikuwa ya kweli. Uandike ukurasa mmoja tu, mimi nitaupeleka kwa mkono wangu."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine. Alikuwa kazini, kiwanda cha sabuni, alituambia, anapima sabuni. Kelele zikapungua, nadhani alifunga mlango.

"Mama," akasema. "Mimi nilijua. Siku zote nilijua mayai yangu ni ya kweli, sikuwa na shaka hata siku moja. Sikuhitaji kuambiwa mimi."

"Basi andika, mwanangu."

"Niwaandikie nini? Mle chumbani alikuwepo mtu mmoja aliyejua, na alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu."

Mke wangu akaweka mikono yote miwili mezani.

"Walinikatiza, Binti. Nilianza kusema, wakanikatiza."

"Walikwambia asante, mama. Ukaondoka."

Nikaichukua ile simu. Nilikuwa na maneno, tena mengi, na ya kwanza yalikuwa kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema aambiwe mkubwa kwanza. Mke wangu akaniwekea kiganja juu ya mkono, akaurudisha mkono wangu pamoja na simu mpaka mezani.

"Muache," akasema. "Kasema kweli."

Binti akasubiri kidogo, labda kuna mtu atasema jambo lingine. Kisha akatuaga kwa adabu, wote wawili, baba na mama, akarudi kazini.